Usukani ukivuta wenyewe: jinsi gari linavyokurudisha kwenye leni

Madereva wengi waliobadilisha gari hivi karibuni hutuuliza swali lilelile: mbona usukani unavuta wenyewe ninapokaribia mstari? Wengine wameshampelekea fundi wakidhani alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imeharibika. Mara nyingi gari ni zima kabisa. Ni mfumo wa kulibakiza kwenye leni unaofanya kazi yake.

Jicho lake ni kamera ndogo iliyofungwa kwa ndani, juu ya kioo cha mbele. Kamera hupiga picha mfululizo, na kompyuta hutafuta humo michirizi inayong'aa kuliko lami. Ikiipata, hupima gari liko umbali gani na mstari, na linausogelea kwa kasi gani. Tuseme tairi iko nusu mita kutoka kwenye mstari, na gari linahama upande nusu mita kila sekunde. Imebaki sekunde moja. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, katika sekunde hiyo utakuwa umesonga mbele karibu mita 28.

Magari mengine hapo hulia au kutikisa usukani tu. Mengine huingilia kati: mota ya umeme inayorahisisha kukata kona husukuma usukani kidogo kuelekea ndani ya leni. Yapo pia yanayotumia breki. Gari likiponyoka kushoto, magurudumu ya kulia hubanwa kidogo na pua ya gari hurudi kulia. Nguvu hiyo imewekwa ndogo makusudi, ili dereva aishinde kwa mkono akihitaji kukwepa kitu. Ukiwasha indiketa kabla ya kuhama, kwa kawaida mfumo hunyamaza. Wanaolalamika kwamba gari linashindana nao, wengi wao hawawashi indiketa.

Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha mfumo wa aina hii kwenye aina mpya za magari madogo Julai 2022, na nadhani ni uamuzi mzuri. Ila dereva ajue kwamba mfumo unaotegemea kamera unafuata rangi iliyopakwa barabarani. Rangi ikifutika, hauna cha kufuata. Usiku wa mvua, maji juu ya lami hurudisha mwanga wa taa na mistari hupotea. Jua la jioni likiwa usoni mwako, liko usoni mwa kamera pia. Palipofanyiwa ukarabati, mstari wa zamani usiofutwa vizuri unaweza kuidanganya. Kwa hiyo zoea kutupia jicho alama ya leni kwenye dashibodi: katika magari mengi hubadilika rangi au kufifia mistari isipoonekana.

Mikono ibaki kwenye usukani. Vihisi huipima, na ukiiachia utaonywa. Wapo wanaofunga vitu kwenye usukani ili kuvihadaa vihisi hivyo. Huo ni ujinga wa hatari, hakuna neno la heshima zaidi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kioo cha mbele. Kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe na kupangwa upya kwa vifaa maalumu. Ikipinda nyuzi moja tu, mstari ulio mita 50 mbele utaonekana umehama karibu sentimita 90. Kabla hujalipa, muulize fundi kama kipimo hicho kimefanywa, na akuonyeshe matokeo yake.