Lipa Namba haiazimwi: muamala ukipita kwako, wa kuulizwa ni wewe

Saa tano asubuhi shosti wako wa duka la jirani anapiga simu. "Niazime Lipa Namba yako, nina mteja wa Mwanza anataka kulipa sasa hivi, yangu inasumbua." Unampa. Haipiti dakika mbili, laki nane na nusu imeingia. Unamtolea taslimu, anakuachia elfu tano ya soda, mmemaliza.

Lipa Namba ni namba ya mfanyabiashara ya kupokelea malipo kwa simu, na kwenye kumbukumbu za mtoa huduma, shosti hayupo. Yupo mfanyabiashara aliyejisajili kuuza magauni mtandaoni, ambaye leo kauza kitu cha laki nane na nusu. Sasa tuseme pesa ile ilitoka kwa mzee aliyepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia, njia inaishia kwako. Watauliza gauni gani, lilikwenda kwa nani, risiti iko wapi. Na taslimu uliyomkabidhi mwenzako haikuacha alama yoyote.

Wengi hujitetea kwa kusema "sikujua". Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006 haiishii kwa aliyejua, inamfikia pia aliyepaswa kujua. Mfanyabiashara aliyepokea pesa ya bidhaa asiyoiuza, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, ana kazi kubwa ya kueleza kwa nini hakushtuka.

Upande wa pili yupo mtoa huduma za malipo, ambaye wafanyabiashara humwona mkorofi. Leseni yake inatoka Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Anatakiwa kumtambua mteja wake, kufuatilia miamala, na kuripoti ile yenye shaka kwa kitengo cha serikali kinachodhibiti fedha haramu. Akisharipoti, haruhusiwi kukuambia. Ndiyo maana ukipiga huduma kwa wateja unajibiwa "akaunti yako iko kwenye uhakiki", basi. Mara nyingi anayepokea simu hajui kitu, na anayejua sheria imemfunga mdomo. Ukali huu ulizidi Tanzania ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, Oktoba 2022. Tumetoka Juni 2025, lakini sioni dalili ya kamba kulegezwa.

Kuna wanaovuka kutoka kuazimana hadi kufanya biashara yenyewe. Unafungua tovuti, unapokea malipo ya wauzaji kumi, kila Ijumaa unawagawia baada ya kukata asilimia zako. Wewe unaona unawasaidia wenzako. Kwa macho ya sheria unaelekea kuwa mtoa huduma za malipo, na swali la leseni haliepukiki. Hata wakubwa hujikwaa hapo. Julai 2022 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilizuia akaunti za kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Flutterwave kwa ombi la wakala wa serikali wa kurejesha mali, na mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya ikasema kampuni hiyo haina leseni yake. Kampuni ilikana tuhuma, na baadaye kesi ziliondolewa.

Wanaopokea kadi wana jambo lao. Kwa kawaida mwenye kadi ana siku 120 za kupinga muamala, na kama alilipia huduma ya baadaye, siku huanza kuhesabiwa tarehe huduma ilipotakiwa kutolewa. Kampuni ya utalii ya Arusha iliyopokea malipo ya safari ya Agosti mwezi Januari inaweza kudaiwa hadi mwisho wa mwaka, wakati pesa imeshakwenda kwenye mafuta na hoteli. Benki ikizuia sehemu ya mauzo yako kama akiba, hesabu yake ndiyo hiyo. Na ikigundua unapitisha mauzo ya mtu mwingine kwenye akaunti yako, inaweza kukufungia na kuingiza jina lako kwenye MATCH, orodha ya Mastercard ya wafanyabiashara waliofungiwa kupokea kadi. Humo jina hukaa miaka 5, na benki za nchi nyingine huipekua kabla ya kukupokea.

Tabia ya kumwambia mteja apige picha kadi mbele na nyuma atume WhatsApp iachwe leo. Tarakimu tatu za nyuma hazihifadhiwi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwa nia njema. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe na simu yako.

Kodi nayo haisahau: pesa ya shosti inaonekana kwenye mauzo yako. Mwaka mzima wa kuazimisha unaweza kukusukuma kuelekea mauzo ya milioni 200, kiwango cha kusajiliwa VAT, na wa kuthibitisha kwamba si zako ni wewe.

Kama umeshaazimisha, andika leo tarehe, kiasi, jina na namba ya uliyempa, na usifute ujumbe wenu. Na mteja akitaka kurudishiwa pesa, mrudishie kwa njia ileile aliyolipia. Aliyelipa kwa kadi kisha akaomba urejesho kwa namba ya simu, huenda ile kadi si yake, na mwenyewe atajitokeza ndani ya siku 120.