“Niliangalia, Sikumuona”: Kinachotokea Ubongoni Kwenye Makutano

Malalamiko kuhusu ajali za bodaboda na tuktuk mjini Mombasa yanapofika kitengoni kwetu, maelezo ya dereva huwa yale yale: “Niliangalia, njia ilikuwa nyeupe, mara akanitokea.” Wengi hawasemi uongo. Kosa lao ni kudhani kwamba jicho likielekezwa mahali, kila kilichopo pale kimeonekana.

Nyoosha mkono utazame kidole gumba. Upana wake, takriban digrii 2, ndio eneo ambalo jicho huona kwa undani kamili. Kwingine ni ukungu, na ubongo hukisia. Kwa hiyo macho huruka karibu mara 3 kwa sekunde, na katika kila mruko ubongo huzima picha. Anayebisha asimame mbele ya kioo, atazame jicho lake la kulia kisha la kushoto: hatayaona yakisogea, ilhali aliye kando yake anayaona. Dereva anayetoka Kongowea kuingia barabara ya Malindi, akitupa kichwa kulia na kushoto upesi upesi, anaweza kupitisha macho juu ya pikipiki nzima asiione.

Macho yaruke wapi, huamuliwa na maeneo ya mbele na ya juu ya ubongo pamoja na koliculi ya juu, kiungo kidogo kilicho kwenye shina la ubongo. Humo vitu hushindana: king’aacho, kisogeacho, kinachotarajiwa. Anayetarajia matatu huona matatu. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, huko Marekani, waliwaonyesha watu video na kuwataka wahesabu pasi za mpira. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji. Basi tusiambiwe tena “mimi nimepimwa macho”. Ubao wa herufi haupimi umakini.

Kisha kuna kuamua: niingie, nisiingie? Seli za ubongo hukusanya ushahidi kidogo kidogo, mfano wa mizani ya muuza samaki inayoinama kwa kila kipande kinachoongezwa, mpaka kiwango kifike. Magharibi au wakati wa mvua vipande huja vichache, na uamuzi huchelewa. Ukipigiwa honi nyuma, ubongo hushusha kiwango, ukaingia barabarani kwa ushahidi nusu. Pikipiki ndiyo inayoumia zaidi hapo: ni nyembamba, picha yake haikui sana machoni mpaka iwe karibu, kwa hiyo huonekana kama ingali mbali.

Basi ukifika kwenye makutano, simama kabisa kwenye mstari. Tazama kulia kwa vituo vitatu, karibu, katikati na mbali, macho yatulie kama nusu sekunde kila kituo. Kushoto vivyo hivyo. Rudi kulia, maana hali imeshabadilika. Sogeza kichwa na kifua mbele na nyuma, kwa kuwa nguzo ya kioo cha mbele inaweza kuficha pikipiki pamoja na abiria wake.

Simu ni jambo lingine. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde 2 za kusoma ujumbe ni mita 28 bila dereva. Kuongea kwa vipaza vya masikioni hakuponyi, maana kinachobanwa ni ubongo, si mkono.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa kutumia simu gari likitembea. Ofisa hukupa notisi ya kosa. Ukikubali unalipa faini iliyowekwa. Ukipinga unafika mahakamani tarehe iliyoandikwa. Faini haiwekwi mkononi mwa ofisa barabarani, na hili tumeshalirudia mno.

Familia nazo ziangalie jambo moja. Mtu aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo anaweza kupuuza kabisa upande wa kushoto: anakula pilau nusu ya sahani, anagonga bega la kushoto mlangoni, na ukimuuliza atasema haoni tatizo. Asipewe ufunguo wa gari kabla daktari hajampima.