Bati la alumini si la kiwandani tu: yasemwayo kuhusu bodi ya Land Rover ya zamani

Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza bado ilikuwa na mgao wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi. Magari hayo yalifika kwetu kwa wingi, na mengine mpaka leo yamekaa chini ya miembe, madigadi yamechanika. Wenyewe huambiwa hayatengenezeki bila mashine za kiwanda. Linaniuma kila gari linalokwenda kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu ya kipande kimoja cha bati ambacho mwenyewe angeweza kukigonga uani.

Dhana inayoharibu kazi kuliko zote ni hii: "Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, italainika." Hiyo ni tabia ya chuma. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na iliyochanganywa huanza mapema zaidi, bila kukuonyesha wekundu wowote mchana. Unaitazama inang'aa vilevile, mara tundu limefunguka na kipande kimedondoka.

Dawa yake ni sabuni ya mche, ndiyo itakayokuonyesha joto limetosha. Chora mistari ya sabuni juu ya bati kavu, kama unaandika kwa chaki. Kisha pitisha moto wa gesi upande wa pili, polepole, usikae mahali pamoja. Mistari itageuka rangi ya chai ya maziwa, halafu kahawia, halafu nyeusi. Ikishakuwa nyeusi, ondoa moto papo hapo. Bati likipoa lishike: lililokuwa linarudi kama springi sasa linafuata mkono.

"Alumini ni laini, haina kazi." Ni laini mwanzoni tu. Kila pigo la nyundo linaikaza, na ukiilazimisha inapasuka ukingoni. Tumia masikio. Mlio wa nyundo ukitoka kwenye uzito na kuwa mwembamba, mkali, acha kugonga, rudi kwenye sabuni na moto. Kwa digadi moja unaweza kurudia mara kadhaa, na hiyo si dalili ya kushindwa.

Vifaa? Nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo, mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, na gogo lililochongwa shimo kama bakuli. Mashine ya magurudumu mawili inasaidia kulainisha uso wa bati, lakini si sharti. Anayebisha aende Kamukunji, Nairobi, aone mafundi wa jua kali wanavyokunja bati juu ya kipande cha reli.

Na si kila alumini inafaa. Kila aina ina namba yake: ile ngumu ya 6061-T6 hupasuka ukiikunja. Ulizia 3003 au 5251, unene wa milimita 1.2 hadi 1.6.

"Alumini haishiki kutu." Kutu nyekundu, kweli, haishiki. Lakini chesisi ya Land Rover ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni chuma pia. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Fungua bolti ya zamani kwenye gari lililokaa pwani, utakuta unga mweupe umejaa pembeni mwa tundu, na bati limekuwa jembamba kama karatasi. Paka rangi pande zote mbili, weka raba katikati, ndipo ufunge.

Kuchomelea ndiko kunakotisha wengi, na kweli kunahitaji mazoezi: utando ulio juu ya alumini hauyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo usugue kwanza kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Ukitumia dawa ya kuchomelea, ioshe yote kwa maji ya moto, maana ikibaki inaendelea kula bati chini ya rangi. Kama huna gesi, tumia riveti. Hata kiwandani walizitumia.