KIA si ya Arusha, wala haikuuzwa: yanayosemwa kijiweni kuhusu Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro

Ukipanda Coaster ya Moshi kwenda Arusha, mkishaiacha Bomang'ombe utamsikia konda akiita, "Njia panda ya KIA, wapo?" Mgeni anashuka akidhani amefika. Anakuta bodaboda na kibao cha barabarani, na mbele yake bado kuna kilomita 6 hivi za lami inayokata nyika kavu kabla ya jengo la abiria kuonekana. Hiyo ndiyo dhana potofu ndogo kuliko zote kuhusu uwanja huu, na dawa yake ni nauli ya bodaboda. Nyingine zimekaa miaka mingi na zinarudiwa hata na watu wanaopaswa kujua.

"KIA iko Arusha"

Haiko. Iko wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, katikati ya Arusha na Moshi. Watu wa Arusha huiita yao kwa sababu watalii wengi wanaotua pale huishia kwao. Watu wa Moshi nao hudai mlima ni wao, kwa hiyo na uwanja wenye jina la mlima ni wao. Ubishi huo haudhuru mtu.

Kinachodhuru ni kuchanganya KIA na uwanja mwingine ambao kweli uko Arusha, ule wa Kisongo, upande wa magharibi wa mji. Kwenye tiketi KIA huandikwa JRO na Kisongo huandikwa ARK. Ndege ndogo nyingi zinazopeleka wageni Serengeti huondokea Kisongo, ndege kubwa kutoka nje hutua KIA, na kati ya viwanja hivyo kuna kilomita 50 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara ni zaidi, na foleni ya Arusha mjini haina huruma na mtu mwenye ndege ya saa nne asubuhi. Anayekuambia "vyote ni Arusha tu, utawahi" hajawahi kuwahi.

Na usidhani wanaochanganya ni abiria peke yao. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja KIA. Ikakuta ndege ndogo imeharibikia kwenye njia ya kurukia, uwanja umezibwa. Mwisho wa yote ile 767 ikashuka Kisongo. Njia ya kurukia ya Kisongo wakati huo ilikuwa na urefu wa mita 1,620 tu, ya KIA ina mita 3,600, na zote mbili zimelazwa mashariki–magharibi. Ndege ilisimama ikiwa imeshamaliza lami, magurudumu kwenye majani. Hakuna aliyeumia, lakini hapo ndipo shida nyingine ilipoanza: Kisongo hapakuwa na ngazi inayofika mlango wa ndege ya ukubwa ule, kwa kuwa uwanja huo umezoea ndege ambazo abiria hupanda kwa vidaraja vichache. Watu wakakaa ndani kwa saa kadhaa wakiangaliana na waliokuja kushangaa. Baadaye ndege ilipunguzwa uzito, ikaruka bila abiria.

"Mita 3,600 zote za nini? Ni anasa"

Hili huulizwa na wanaoufananisha uwanja na ukubwa wa jengo lake. Jengo la KIA ni la wastani, lami yake ni ndefu, na kuna sababu. Uwanja uko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na jua la mchana linaiongezea wepesi. Hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu ndogo ya kunyanyua ndege, na injini nazo hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Kwa hiyo ndege ileile, yenye mzigo uleule, inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka kuliko ingehitaji Dar es Salaam, karibu na pwani. Punguza lami, na rubani atalazimika kupunguza abiria, mizigo au mafuta. Kisongo, iliyo juu zaidi, karibu mita 1,390, wakati ule ilikuwa na lami isiyofika nusu ya ile. Ndiyo maana haikuwa mahali pa 767.

"Ilijengwa kwa ajili ya wapanda mlima"

Nusu kweli. KIA ilifunguliwa tarehe 2 Desemba 1971, kwa mkopo kutoka Italia. Wakati huo mtalii wa Serengeti na Ngorongoro alitua Nairobi, akalala Nairobi, akakodi gari Nairobi, akavuka mpaka na chakula chake kwenye gari, akarudi kulipia hoteli Nairobi. Tanzania ilitaka mtalii huyo ashukie upande wake. Lakini pia Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967, na shirika la ndege la ukanda wote lilikuwa moja, East African Airways. Mji wenye mawaziri na maofisa wa nchi tatu wanaoingia na kutoka ulihitaji uwanja wa maana.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, East African Airways ikafa, Air Tanzania ikazaliwa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Uwanja uliojengwa kuhudumia Jumuiya ukabaki bila Jumuiya, na mtalii aliyezoea kupitia Nairobi hakuhamia KIA siku moja eti kwa sababu mpaka umefungwa. Wengi walibaki kutalii Kenya. Kwa hiyo wanaosema KIA ilikuwa tupu miaka ile kwa sababu "ilijengwa porini" wanaliacha nje jambo lenyewe. Pori lilikuwa lilelile mwaka 1971 na mwaka 2000, siasa ndiyo iliyobadilika.

Diplomasia nayo iliuweka uwanja huu kwenye taarifa za habari kuliko mlima ulivyofanya. Agosti 2000 rais wa Marekani Bill Clinton alitua pale kuja kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyokuwa yakisimamiwa na Nelson Mandela. George W. Bush naye alipita Februari 2008 kwenye ziara yake ya Arusha. Miaka hiyohiyo ilikuwepo pia mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha mpaka mwaka 2015.

Na kwa kuwa tumeigusa Rwanda: wapo wanaoamini kwamba ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, iliyotunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, iliondokea KIA. Chanzo cha kosa kinaeleweka, maana makubaliano ya amani yanaitwa ya Arusha na yalisainiwa Arusha, tarehe 4 Agosti 1993. Ila siku ile ya Aprili marais walikuwa wamekutana Dar es Salaam, na ndege iliondoka Dar es Salaam, ikiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi pia.

"Uwanja uliuzwa kwa wazungu"

Hapa ndipo kelele zilipo nyingi, na ndipo inapobidi kwenda polepole. Mwaka 1998 uendeshaji wa KIA ulikabidhiwa kwa mkataba wa miaka 25 kwa kampuni iitwayo KADCO. Hisa zake ziligawanywa hivi: Mott MacDonald ya Uingereza asilimia 41.4, mfuko wa uwekezaji wa Afrika Kusini asilimia 30, Serikali ya Tanzania asilimia 24, na kampuni ya Inter-Consult asilimia 4.6. Kukodisha na kuuza ni vitu viwili. Hakuna mtu aliyepewa hati ya uwanja. Kilichotolewa ni haki ya kuuendesha na kukusanya mapato kwa muda.

Karibu na mwaka 2010 Serikali ilinunua hisa za wenzake na kubaki mmiliki pekee wa KADCO. Yaani kwa zaidi ya miaka kumi watu waliendelea kulalamika kwamba uwanja uko mikononi mwa wageni wakati kampuni yenyewe ilikuwa ya Serikali asilimia 100. Swali la haki lilikuwa jingine, nalo liliulizwa bungeni: kwa nini Serikali iwe na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, halafu ianze kuendesha kiwanja kimoja kwa kampuni ya pembeni? Mwaka 2023, mkataba ulipofika ukingoni, uwanja ulirudishwa TAA. Maoni yangu ni kwamba hasira ya mtaani ilikuwa na msingi, ila ilimlenga aliyekwisha kuondoka.

Ukarabati mkubwa wa mwongo uliopita nao umezushiwa mengi. Jengo na maegesho ya ndege vilitengenezwa upya na kampuni ya BAM International kwa gharama ya yuro milioni 37 hivi, fedha za Serikali ya Tanzania pamoja na msaada wa Uholanzi, na uwezo ukapanda hadi abiria milioni 1.2 kwa mwaka. Kwamba Uholanzi ilichangia na ndege za KLM, shirika la ndege la Uholanzi, hutua pale hakuifanyi KIA kuwa ya KLM.

"Ile ya twiga kupanda ndege ni porojo"

Hii ni dhana potofu iliyogeuka nyuma mbele: watu wanacheka wakidhani ni utani wa siasa, kumbe ni tukio. Novemba 2010 ndege ya kijeshi ya Qatar ilitua KIA na kuondoka na wanyama hai zaidi ya 100, twiga wanne wakiwemo. Kesi ilisikilizwa Moshi, na mwaka 2014 raia mmoja wa Pakistan alihukumiwa kifungo cha miaka 60 akiwa hayupo mahakamani. Twiga hafichiki kwenye begi. Ili apande ndege lazima lori liingie getini, karatasi zigongwe muhuri, mtu afungue mlango wa mizigo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "hakuna aliyejua" anakuuzia porojo kubwa kuliko ile anayoikana.

"KLM inakwenda Dar na viti vitupu, kwa nini hawaniuzii?"

Swali zuri, na jibu si dharau. Kwa miaka mingi ndege ya Amsterdam imekuwa ikitua KIA jioni, inashusha watu, inaendelea Dar es Salaam, kisha inarudi Ulaya. Wakazi wa huku wanaona viti vimeachwa wazi na wanajiuliza. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, kifungu cha 7, unaipa kila nchi haki ya kulikatalia shirika la kigeni kubeba abiria wa kulipia kati ya viwanja vyake viwili. Karibu kila nchi huitumia haki hiyo kulinda mashirika yake ya ndani. Huwezi kupanda KLM kutoka KIA kwenda Dar kama vile Air Tanzania isivyoweza kuuza tiketi kati ya miji miwili ya Uholanzi.

Tukiwa hapohapo, lawama ya jumla kwamba "KIA wamenichelewesha" mara nyingi humwangukia asiyehusika. Anayeongoza ndege angani ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Anayeendesha jengo ni TAA. Muhuri wa pasipoti ni Uhamiaji, ushuru ni TRA, gari jekundu ni Zimamoto, na begi lako linashughulikiwa na kampuni ya huduma za ardhini kwa niaba ya shirika la ndege. Begi likipotea, anza na shirika lako kabla hujatoka ukumbini, ukiwa na kile kipande cha lebo ulichobandikiwa kwenye tiketi.

"Maua yetu yanapitia Nairobi kwa sababu KIA haiwezi"

Lami inaweza. Ndege kubwa za mizigo zinaweza kutua pale. Tatizo ni hesabu. Ndege ya mizigo inahitaji kujaa inapoondoka na kuwa na kitu cha kubeba inapokuja, la sivyo mkulima wa Usa River analipia safari mbili. Nairobi ina mzigo wa pande zote mbili na safari nyingi kila siku, kwa hiyo bei kwa kilo inashuka, na lori linapita Namanga. Mwaka 2023 Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo, Boeing 767-300F, na wapo walioamini kuwa hapo mambo yamekwisha. Ndege moja haibadilishi hesabu hiyo mpaka mashamba yahakikishe mzigo wa kila wiki, na vyumba vya baridi viwe na nafasi.

"Kutua karibu na mlima ni hatari"

Mlima uko kaskazini-mashariki ya uwanja, mbali kiasi cha kilomita 50, na ndege hutua kwenye tambarare. Ajali inayotajwa sana, ya ndege ya East African Airways iliyogonga mlima mwaka 1955 na kuua watu 20, ilikuwa ya safari ya Dar es Salaam kwenda Nairobi. KIA ilikuwa bado miaka 16 kufunguliwa.

Wanaotaka kuuona mlima badala ya kuuogopa, wakitoka Dar wakae dirisha la kulia, na wakitoka Nairobi wakae kushoto. Mawingu yakiwa mazito, kaa popote.