Kiapo kilipolegea: Wapresbiteri wa Marekani na mafundisho waliyoyapoteza

Hapa Lubumbashi, Wapresbiteri wengi ni watu wenye asili ya Kasai, watoto na wajukuu wa waliokuja kutafuta kazi ya migodi na ya reli. Imani yao chimbuko lake ni Luebo, ambako Samuel Lapsley na William Sheppard walifungua misheni mwaka 1891, wakiwa wametumwa na kanisa la Presbiteri la Kusini mwa Marekani. Kwa hiyo yaliyolikuta kanisa la kule yanatuhusu.

Nafundisha historia ya kanisa, na wanafunzi huniuliza sana: kanisa lenye ungamo imara namna ile liliyapotezaje mafundisho yake? Wengi hudhani Ungamo la Westminster, yaani tamko la imani la Wapresbiteri lililoandikwa Uingereza karne ya 17, lilifutwa. Halikufutwa. Mpaka leo limo katika kitabu chao cha maungamo. Kilicholegezwa ni kiapo cha mchungaji siku ya kuwekewa mikono.

Mwaka 1729 sinodi ya kule ililipokea ungamo hilo, lakini ikaacha nafasi: mwenye shaka juu ya fungu fulani aieleze mbele ya ndugu zake, nao waamue kama fungu hilo ni la lazima katika imani. Mpango huo nausifu mpaka leo, maana ungamo ni kazi ya mikono ya watu. Ila unasimama kwa sharti moja tu, kwamba kanisa liwe tayari kutamka lipi ni la lazima.

Mwaka 1910 kanisa la Kaskazini (Wapresbiteri wa Marekani walikuwa wamegawanyika, Kaskazini na Kusini) lilitamka. Presbiteri ya New York, yaani baraza la makanisa ya eneo hilo, ilikuwa imewapitisha kwenye uchungaji vijana ambao hawakukubali kukiri kwamba Yesu alizaliwa na bikira. Mkutano Mkuu, baraza la juu la kanisa zima, ukajibu kwa kutaja mambo matano ya lazima: Biblia haina kosa, Kristo alizaliwa na bikira, alikufa kwa niaba yetu ili kutimiza haki ya Mungu, alifufuka na mwili uleule, na miujiza yake ilitendeka kweli. Ukayarudia mwaka 1916 na 1923.

Januari 1924 likatoka Tamko la Auburn, ambalo hatimaye lilitiwa saini na wachungaji 1,274. Wahubiri wetu hulieleza vibaya, kana kwamba watu hao waliukana ufufuo. Wao walisema wanaushika ufufuo, na Mungu kufanyika mwili, na upatanisho. Walichokataa ni maelezo yale matano: kwao hizo zilikuwa nadharia tu, na Mkutano Mkuu hauna mamlaka ya kumfunga mchungaji kwa nadharia. Someni hapo mara mbili. Aliyeamini kwamba kaburi lilikuwa tupu na aliyeona ufufuo ni fumbo la matumaini tu, wote wawili waliweza kuweka saini zao chini ya karatasi ileile. Mwaka 1927 Mkutano ukakubali kwamba hauwezi kutaja mafungu ya lazima isipokuwa kwa kunukuu maneno ya ungamo lenyewe. Sharti la 1729 likafia hapo.

J. Gresham Machen, mwalimu wa Agano Jipya aliyepinga mwelekeo huo, aliondoka chuo cha theolojia cha Princeton mwaka 1929, kilipopangwa upya, na mwaka 1933 akaanzisha bodi huru ya misheni kwa sababu hakuiamini tena ile ya kanisa. Mkutano ukaamuru wote waliomo watoke. Akakataa, akashtakiwa. Mahakama ya kanisa haikutaka kusikia hoja zake za mafundisho wala habari za Auburn. Ilitaka kujua kama ametii amri au hakutii. Mwaka 1936 hukumu ya kumsimamisha ikathibitishwa, akaanzisha kanisa lingine, na tarehe 1 Januari 1937 akafariki kwa homa ya mapafu.

Kiapo chenyewe kilibadilishwa mwaka 1967. Zamani mchungaji aliulizwa kama analipokea ungamo kwa moyo wa kweli, kwamba lina mfumo wa mafundisho uliomo katika Maandiko Matakatifu. Sasa alitakiwa aahidi kufanya kazi akifundishwa na kuongozwa na maungamo. Nani asiyeweza kuahidi hivyo? Hata mpinzani huongozwa na kitabu anachokipinga.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1974 mahakama ya juu ya kanisa ilimkatalia Wynn Kenyon, aliyeomba uchungaji, kuwekewa mikono kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kushiriki kuwawekea mikono wanawake, ingawa aliahidi kutowazuia. Mimi nawakubali wanawake wachungaji, na bado hukumu ile inanisumbua, kwa sababu mwaka 1981 mahakama ileile ilimpitisha mchungaji Mansfield Kaseman. Huyu alipoulizwa kama Yesu ni Mungu, alijibu: hapana, Mungu ni Mungu. Utaratibu ulikuwa na fungu la lazima. Uungu wa Kristo haukuwa na fungu la namna hiyo.

Mwaka 1983 makanisa ya Kaskazini na Kusini yaliungana, yakiwa na waumini milioni 3 na zaidi. Leo wamebaki kama milioni 1. Sisemi mafundisho peke yake ndiyo yaliyowapunguza, kwani hata uzazi ulishuka na vijana walihama. Lakini kanisa hilo lililoungana ndilo mrithi wa waliomtuma Lapsley, na jumuiya yetu ya Presbiteri iliyo ndani ya ECC (Kanisa la Kristo Kongo, muungano wa Waprotestanti wa hapa) bado inashirikiana nalo.

Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wangu, wa jumuiya yoyote ile, walete maneno ya kiapo wanachoapishwa wachungaji wao, tuyasome darasani neno kwa neno: mchungaji anaahidi kuamini nini, na akiacha kuliamini, nani atamuuliza?