Leseni na Matumizi ya Programu za Kufuatilia Seva za Windows katika Ofisi za Tabora

Ofisi nyingi za Tabora mjini na wilayani, kuanzia SACCOS na vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku hadi shule, vituo vya afya na maduka ya jumla, sasa zina angalau seva moja ya Windows inayobeba kazi za kila siku: hesabu za wanachama, kumbukumbu za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi, stoo na mauzo. Kwa kawaida seva hiyo huwekwa kwenye chumba kidogo kinachofungwa kwa ufunguo, na hakuna anayeitazama mpaka siku mhudumu wa dirishani anapowaambia wateja kuwa mtandao unasumbua. Kauli hiyo hufunika mambo mengi yasiyofanana, yakiwemo diski iliyojaa, huduma ya hifadhidata iliyosimama, swichi ya mtandao iliyokufa, umeme uliokatika na leseni iliyokwisha muda. Programu ya kufuatilia seva hutenganisha mambo hayo. Lakini programu yenyewe ina leseni yake, na huko ndiko ofisi nyingi hupoteza fedha au hujiingiza kwenye hatari bila kujua.

Utendaji wa programu hizi si mgumu kueleweka. Kila baada ya muda uliopangwa, tuseme kila dakika moja, programu huiuliza seva maswali machache: je, inaitika, prosesa inatumika kwa asilimia ngapi, RAM imebaki kiasi gani, diski C ina nafasi kiasi gani, huduma ya hifadhidata inafanya kazi au imesimama. Majibu huhifadhiwa, huchorwa kwenye grafu, kisha hulinganishwa na kiwango alichokiweka msimamizi, na kiwango kikivukwa taarifa hutumwa. Kwa seva za Windows, maswali hayo hupita zaidi katika njia tatu: itifaki ya SNMP, ambayo huelewana pia na swichi, ruta na UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika), mfumo wa WMI, ambao ni wa Windows yenyewe, na programu ndogo iitwayo wakala, inayosakinishwa ndani ya seva. Kwa matawi ya mbali kama Urambo, Kaliua au Nzega, ninapendekeza njia ya wakala. WMI huhitaji milango mingi ya mtandao iachwe wazi, ukiwemo 135 na mingine inayobadilika kati ya 49152 na 65535, ilhali wakala wa Zabbix, mojawapo ya programu za kufuatilia, kwa mfano, hutumia mlango mmoja tu wa 10050, na akipangwa atume majibu mwenyewe kwenda mlango wa 10051 wa makao makuu, tawini hapafunguliwi mlango wowote kwa ajili yake.

Kabla ya kununua chochote, ofisi inapaswa kusoma kile ambacho Windows tayari inakiandika bila malipo. Ndani ya Event Viewer, programu inayokuja na Windows yenyewe, kuna kumbukumbu za matukio, na kila tukio lina namba. Namba 41 yenye chanzo cha Kernel-Power maana yake ni kwamba mashine imewaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, na mara nyingi huandamana na namba 6008. Hapo mshukiwa wa kwanza ni umeme au UPS iliyochoka. Namba 1074 ni habari nyingine kabisa: inaeleza kwamba kuna mtu au programu iliyoagiza seva izime au iwake upya, na inaitaja kwa jina. Namba 7034 inaeleza kuwa huduma fulani imesimama ghafla, na namba 4625 ni mtu aliyejaribu kuingia akashindwa.

Tofauti kati ya 41 na 1074 inaweza kuokoa wiki nzima ya kazi. Tuseme seva ya chama cha akiba na mikopo imeanza kuzimika takribani kila baada ya saa moja. Fundi atabadilisha betri za UPS, atapuliza vumbi kwenye feni, ataangalia waya wa umeme, na wanachama waliokuja kuchukua fedha msimu wa malipo ya tumbaku wataendelea kusubiri barazani. Akifungua kumbukumbu, atakuta 1074, na pembeni yake jina wlms.exe. Hiyo ni sehemu ya Windows inayosimamia leseni ya toleo la majaribio. Microsoft hutoa Windows Server ya majaribio kwa siku 180, na siku hizo zikiisha kabla ya leseni kamili kuwekwa, mfumo hujizima kila saa. Aliyesakinisha seva hiyo alichukua toleo la majaribio ili kazi ianze haraka, akaondoka, na hakuna aliyehesabu siku. Amri ya slmgr /dlv ingeonyesha muda uliobaki, na programu ya kufuatilia ingeweza kupangwa iutazame muda huo na kutoa taarifa mwezi mmoja kabla.

Liko suala jingine la leseni ya Windows ambalo hujificha kwenye kauli ileile ya mtandao kusumbua. Ofisi ndogo nyingi hutumia kompyuta ya kawaida yenye Windows 10 au 11 kama seva ya mafaili. Masharti ya leseni yanaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuunganishwa nayo kwa kazi kama za mafaili na uchapishaji, na mfumo wenyewe husimamia kikomo hicho. Ofisi ikikua, kompyuta ya ishirini na moja inakataliwa, na lawama inakwenda kwenye waya. Izingatiwe pia kwamba usaidizi wa Windows Server 2012 R2 ulikoma Oktoba 10, 2023, na wa Windows 10 ukakoma Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama. Programu ya kufuatilia itaendelea kuonyesha rangi ya kijani kwenye seva kama hiyo, kwa kuwa inapima kama seva inafanya kazi, haipimi kama bado inapata viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba mianya.

Sasa tuje kwenye leseni za programu za kufuatilia zenyewe. Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, bali ni nini kinachohesabiwa. Wapo wanaohesabu vifaa, yaani kila seva, swichi au ruta ni kimoja hata kama unapima mambo hamsini ndani yake. Wapo wanaohesabu vipimo, ambavyo huitwa sensa, na hapo kila swali unaloiuliza seva ni sensa moja. Wapo wanaohesabu watumiaji wanaoingia kuangalia grafu. PRTG ya kampuni ya Paessler ya Ujerumani, inayosakinishwa kwenye Windows, huhesabu sensa, na kwa muda mrefu imetoa toleo la bure lenye kikomo cha sensa 100.

Sensa 100 zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu. Seva tatu, kila moja ikipimwa mwitiko, prosesa, RAM, diski mbili na huduma tatu, zinachukua sensa 24. Swichi mbili za matundu 24 zikiachwa ziorodheshwe zenyewe na programu, na matundu yote yakiwa na kebo, zinaweza kuchukua sensa 48, nyingi zikiwa ni za kompyuta za mezani ambazo huzimwa kila jioni na kutoa taarifa zisizo na maana. Hapo umebakiwa na 28 kwa ruta, UPS, printa na matawi yote. Ukichagua mwenyewe matundu matano yenye maana kwa kila swichi, yaani ya seva, ruta na swichi nyingine, swichi hizo mbili zinachukua sensa 10 tu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona ofisi zikiambiwa zinunue daraja la juu la leseni, wakati kilichohitajika ni mtu wa kukaa saa moja akafuta vipimo visivyo na kazi.

Swali la pili linahusu muda. Leseni ya kudumu huiacha programu iendelee kufanya kazi hata kama hukulipia matunzo ya mwaka, ingawa masasisho na msaada hukatika; leseni ya usajili wa mwaka ikiisha, haki ya kutumia programu nayo imekwisha. Wauzaji wengi wamehamia kwenye usajili, hivyo gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya kila mwaka, isihesabiwe kama ununuzi wa mara moja. Kwa ofisi za umma, ambazo mwaka wa fedha huanza Julai 1, ni busara kuomba tarehe ya kuhuisha iwe Agosti au Septemba, kwa kuwa leseni inayoisha mwishoni mwa Juni hukuta kasma imekauka. Aidha, muuzaji aeleze kwa maandishi kama leseni inaweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine pale ya kwanza inapoungua.

Ofisi isiyo na fedha haina sababu ya kukosa ufuatiliaji. Zabbix, iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia, haina ada ya leseni wala kikomo cha vifaa. Kampuni yake hupata fedha kwa kuuza msaada na mafunzo. Kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2024 iko chini ya leseni ya AGPL, ambayo haimdai chochote anayeitumia ndani ya ofisi yake, ila humtaka anayeirekebisha na kuisambaza, au kuwapa wengine waitumie kupitia mtandao, aitoe pia msimbo wa marekebisho hayo. Nagios Core, programu nyingine ya kufuatilia, nayo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote. Gharama halisi hapa ni utaalamu: seva ya Zabbix huendeshwa kwenye Linux hata kama inafuatilia mashine za Windows tupu, hivyo lazima awepo mtu anayeijua Linux kiasi cha kuisasisha na kuihifadhi. Kwa maoni yangu, shule au SACCOS yenye seva mbili ianze na toleo la bure la programu inayosakinishwa kwenye Windows, na taasisi yenye matawi mengi imsomeshe mtumishi mmoja Zabbix.

Njia isiyokubalika ni nakala iliyovunjwa leseni, ile inayouzwa kwenye flashi au kupakuliwa pamoja na kifaili cha kuizima kinga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na hilo peke yake lingetosha. Ila ubaya wake kwa programu ya aina hii ni mkubwa kuliko kwa nyingine yoyote, kwa sababu programu ya kufuatilia ni sawa na mlinzi aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote: inatunza majina na nywila za kuingilia kila seva, inajua ramani ya mtandao mzima, na mara nyingi imeruhusiwa kupita kwenye fayawoli. Desemba 2020 iligundulika kuwa wadukuzi walikuwa wamepenyeza msimbo wao ndani ya masasisho halali ya programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, na wateja wapatao 18,000 wakayapokea. Ikiwa hayo yalipita kwenye njia halali, anayesakinisha nakala iliyofunguliwa na mtu asiyemjua, tena akiwa amezima antivairasi kwa mkono wake, amemkabidhi mtu huyo fedha za wanachama.

Kwa sababu hiyohiyo, programu halali nayo isipewe akaunti ya Administrator, yenye mamlaka yote juu ya seva. Tengeneza akaunti maalumu ya kufuatilia na uiweke kwenye makundi ya Performance Monitor Users, Event Log Readers na, kama unatumia WMI, Distributed COM Users, kisha uiongezee ruhusa ya WMI ya kusoma kwa mbali. Kama unatumia SNMP, usiache neno la siri la kiwandani ambalo ni public. Tumia toleo la 3 la SNMP pale kifaa kinapolikubali.

Viwango vya tahadhari vilingane na mazingira ya hapa. Joto la Septemba na Oktoba na vumbi la kiangazi huifanya feni ya seva ifanye kazi kupita kiasi, hivyo kipimo cha nyuzijoto kiwekwe mapema. UPS ifuatiliwe kama inavyofuatiliwa seva, na programu ipangwe izime seva kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Saa ya seva nayo ipimwe: betri ndogo ya ubao mama ikifa, umeme ukikatika saa hurudi nyuma, na katika mtandao wa domeni ya Windows, yaani ule ambao akaunti zote husimamiwa na seva kuu, tofauti ya saa inayozidi dakika tano, kwa mpangilio wa kawaida, huwazuia watumiaji kuingia. Taarifa zisitegemee barua pepe pekee, kwa sababu intaneti ikikatika ndiyo imekatika na njia ya kuzituma. Modemu yenye laini ya simu inayotuma SMS kwa watu wawili inatosha.

Kumbukumbu hizi zina majina ya watumishi, saa walizoingia na kompyuta walizotumia, na kwa hiyo zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Watumishi waelezwe kinachokusanywa na sababu yake, na kumbukumbu zifutwe muda uliopangwa unapokwisha.

Jambo la mwisho linahusu jina lililoandikwa kwenye leseni. Mara nyingi akaunti ya leseni hufunguliwa kwa barua pepe binafsi ya afisa TEHAMA aliyekuwepo siku ya ununuzi. Afisa huyo akihamishiwa halmashauri nyingine, taarifa za kuhuisha zinamfuata yeye, na ofisi inashtuka siku grafu zinaposimama. Akaunti ifunguliwe kwa anwani ya ofisi, kama ile ya kitengo, isiyobeba jina la mtu; ufunguo wa leseni na stakabadhi vichapwe na kuwekwa kwenye jalada la mhasibu; na tarehe ya kuisha iandikwe kwenye fomu ya makabidhiano, ambayo afisa anayeondoka na anayeingia wataisaini pamoja.