Je, wajua kwa nini abiria wengine wa meli za kitalii hawashuki meli ikifika bandarini?

Juzi nilikuwa Kibirizi, ufukwe wa hapa Kigoma, boti za Gombe zimeshaondoka na akina mama wanageuza dagaa kwenye vichanja. Mama mmoja ambaye mimi hununua samaki aina ya migebuka kwake siku zote alininyooshea simu yake. Ilikuwa video fupi: mwanamke wa makamo amejilaza kando ya bwawa la kuogelea, juu kabisa ya meli kubwa nyeupe. Nyuma yake, ng'ambo ya maji, yanaonekana mapaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yalisema wenzake wote wameshuka kutembea na yeye hashuki ng'o.

"Mwanangu, huyu mtu ni mzima kweli?" akaniuliza. "Kalipa mamilioni afike Zanzibar, Zanzibar hiyo hapo, halafu kalala?"

Nilimjibu kwa haraka maana jua lilikuwa kali na wateja wake walikuwa wananisukuma. Hapa nataka kumjibu vizuri.

Kwanza, yule mwanamke hakulipa nauli ya kwenda Zanzibar. Amelipia meli. Anayepanda meli ya kitalii hulipia chumba, milo yote mikuu, bwawa, muziki wa usiku na mtu wa kumtandikia kitanda, kwa siku 7, 14 au zaidi. Bandari ni vituo njiani. Ushuru wa bandari umeshaingizwa kwenye tiketi yake, na hata asiposhuka haurudishwi. Gharama mpya huanza anapokanyaga nchi kavu: teksi, mtu wa kumtembeza, viingilio, na chakula cha mchana cha kununua wakati chakula chake alichokwisha kulipia kinamsubiri melini. Familia ya watu watano ikipiga hesabu hiyo kwenye bandari sita, unaelewa kwa nini wanachagua mbili tatu za kushuka na nyingine wanazitazama kwa juu.

Sisi wa Kigoma tungepaswa kumwelewa upesi kuliko wengine. Nilipanda MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, mara mbili, enzi ilipokuwa ikienda Mpulungu, Zambia, na kurudi. Njia nzima ni vituo: Lagosa, Ikola, Karema, Kirando, Kipili, Kasanga, na kwa miaka mingi vingi kati yake havikuwa na gati. Meli inapiga honi gizani, inasimama mbali na ufukwe, na baada ya muda mfupi mitumbwi na maboti ya mbao yanaijia ubavuni huku watu wakiitana. Nakumbuka usiku wa Lagosa. Mlango wa chini umefunguliwa, tochi zinamulika maji, na mama mmoja amesimama kwenye boti inayopanda na kushuka. Alimpitisha mtoto kwanza, akapitisha mkungu wa ndizi, kisha baharia akamshika mikono yote miwili na kumvuta wimbi lilipoinua boti. Angechelewa sekunde moja, boti ingeshuka na kumwachia pengo la kimo cha mtu mzima. Sisi wa safari ndefu tulikuwa tumeegemea vyuma vya juu tunatazama. Hakuna aliyetuuliza kwa nini hatushuki. Tulikuwa na nafasi zetu, mikeka yetu na watu tuliokwisha kuzoeana nao tangu Kigoma.

Na undugu kati ya Liemba na meli za kitalii ni wa kweli kabisa. Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya akina Meyer. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kisha ikapandishwa reli hadi hapa Kigoma, ikaungwa na kushushwa ziwani Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Karakana hiyohiyo, Meyer Werft, bado iko Papenburg, na kazi yake kubwa sasa ni kuunda meli za kitalii. Mojawapo ni Norwegian Dawn, iliyotoka mikononi mwao mwaka 2002. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, Norwegian Dawn karibu mita 294. Zipange Liemba nne, mkia kwa kichwa, na bado mdogo wake atazipita. Meli hiyo nitairudia, maana iliwahi kuacha watu.

Sasa tuingie ndani. Siku ambazo meli iko baharini tangu asubuhi hadi jioni, abiria 2,000 au 3,000 wanagombea bwawa lilelile. Watu huamka alfajiri kutandika taulo kwenye viti ili kuwahi nafasi, jambo linaloleta ugomvi mpaka mabaharia wanalazimika kuziondoa. Siku ya bandari, ikifika saa nne asubuhi, viti vimebaki vitupu. Lifti haina foleni. Mwenye mtoto mchanga anamlaza mchana bila kelele za korido. Hata bei za masaji mara nyingi hupunguzwa siku hiyo, kwa sababu wakandaji wapo na wateja hawapo. Aliyeshuka bandari tatu mfululizo, kila siku ameamka saa kumi na mbili na kutembea juani, ya nne anaiacha ipite. Miguu ndiyo imeamua.

Si kila kitu kiko wazi, hata hivyo. Maduka ya ndani na kasino kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, na sababu yake ni ya kisheria. Maduka yale huuza manukato, saa na vileo bila ushuru. Meli ikiwa imefunga kamba kwenye gati, iko ndani ya nchi ya watu, na bidhaa itakayouzwa pale ingekuwa sawa na bidhaa iliyoingizwa nchini bila kupitia forodha. Kamari nayo ina leseni zake katika kila nchi. Mamlaka ya nchi juu ya bahari yake hufika hadi maili 12 za baharini kutoka pwani, yaani kilomita 22 hivi. Kwa hiyo jioni meli ikishatoka na taa za mji zimeanza kufifia, ndipo utasikia mashine za kasino zinaanza kulia. Chumba kikuu cha chakula nacho mara nyingi hakifunguliwi mchana wa siku ya bandari, abiria waliobaki wakala kwenye bafe.

Anayebaki huona pia kitu ambacho aliyeshuka hakioni: meli ikihudumiwa. Mafuta yanapakiwa, magodoro yanashushwa, shehena za mboga zinapandishwa kwa foklifti, na mtu aliyening'inia kwa kamba anapaka rangi ubavuni. Halafu kengele inalia: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Asiyejua anaweza kushtuka vibaya, lakini huwa imeshatangazwa kwamba ni zoezi la mabaharia tu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao toleo lake la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, unazitaka meli za abiria kufanya zoezi la kuhama meli na zoezi la kuzima moto kila wiki. Kila boti ya uokozi nayo lazima ishushwe majini na kuendeshwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Bandarini maji yametulia na abiria ni wachache, basi hapo ndipo pazuri pa kufanyia. Mhudumu aliyekumiminia chai asubuhi unamkuta amevaa jaketi la kujiokoa na kofia ngumu, anaonyesha wenzake njia ya kutokea.

Na huyo mhudumu huenda naye hakuwa na ruhusa ya kushuka. Katika kila bandari sehemu ya wafanyakazi hupangiwa zamu ya kubaki ndani, ili moto ukizuka pawepo watu wa kutosha kuuzima na kuwatoa abiria. Wengi wao wametoka Ufilipino, Indonesia na India, na miji mingi wanaijua kwa kuitazama dirishani. Binafsi hilo hunigusa kuliko bwawa na taulo. Abiria amebaki kwa kupenda, huyu amebaki ili yule abaki salama.

Iko pia hofu ya kuachwa, na hofu hiyo ina msingi. Meli hutangaza saa ya mwisho ya kurudi, kwa kawaida nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Machi 2024, Norwegian Dawn ilisimama São Tomé, kisiwa cha Ghuba ya Guinea, Afrika ya Kati. Abiria 8 waliokuwa kwenye matembezi ya kujitafutia wenyewe walichelewa. Meli ilikuwa bado inaonekana, walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti hadi karibu nayo, wakakataliwa kupanda. Pasi zao za kusafiria zilikuwa zimeachwa kwa wakala wa bandarini. Walihangaika nchi hadi nchi mpaka wakaipata meli Dakar, Senegal.

Mama wa Kibirizi angesema huo ni ukatili, boti la Gombe lingewasubiri. Lakini meli ile imepangiwa saa ya rubani wa bandari na nafasi kwenye bandari inayofuata, na muda uliopotea haufidiwi kwa urahisi. Ukitaka meli iongeze mwendo kwa asilimia 10 tu, injini zinatakiwa kutoa nguvu zaidi kwa takribani theluthi moja, na mafuta yanayoteketea kila saa yanaongezeka kwa kiasi hichohicho. Wanaotembezwa na meli yenyewe hungojewa, ila bei ya matembezi hayo huwa juu. Asiyetaka bei hiyo, na hataki kutazama saa kila dakika kumi, hubaki.

Kuna wanaobaki kwa sababu mwili hauruhusu. Bandari ambazo maji yake hayana kina cha kutosha, meli hutia nanga nje na kuwapeleka abiria ufukweni kwa boti ndogo. Ni Lagosa ileile, tofauti ni kwamba boti zina paa na injini safi. Wimbi linapanda, baharia anakushika viwiko viwili, anahesabu, unakanyaga. Mzee mwenye magoti mabovu au mtu wa kiti cha magurudumu, siku bahari imechafuka, ataambiwa kwa upole kwamba leo haiwezekani. Wengine wamezuiwa na karatasi: nchi inadai viza na wao hawana.

Nisifiche upande wa pili. Kila anayebaki kwenye kiti cha bwawa ni mteja mmoja aliyepungua kwa muuza viungo wa Darajani na dereva wa teksi wa Malindi, hukohuko Zanzibar, aliyeamka usiku kuwahi meli. Mama wa migebuka aliliona hilo kabla yangu. "Sasa wale wa ufukweni wanauzia nani?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayejua kusubiri wateja. Wanauzia wanaoshuka, na kwa bahati nzuri kwao ndio wengi.

Swali lake la mwisho lilikuwa kama mtu anaweza kukaa ndani hivyo bandari baada ya bandari mpaka mwisho. Bandari za njiani anaweza, pale sheria ya nchi husika inaporuhusu. Mwisho wa safari huenda asiweze. Marekani, kwa mfano, maofisa wa mpakani hutaka meli ibaki bila abiria hata mmoja kabla wapya hawajaanza kupanda. Hata aliyelipia safari mbili mfululizo katika chumba kilekile huteremshwa, anapitishwa kwenye dirisha la uhamiaji, anakaa ukumbini na wenzake wachache mpaka itangazwe kwamba hesabu imefika sifuri, kisha anarudishwa juu kwenye kitanda ambacho nguo zake hazikuondoka.